Hata Chini ya Duara Anakuita



Somo letu la leo ni Zaburi ya 139. Kabla hujaendelea kusoma hapa, naomba uchukue Biblia yako uisome yote. Ina mistari 24 tu, dakika tatu zinakutosha. Isome polepole, halafu urudi, maana nina jambo la kukusimulia. Kwa miaka kadhaa nimelisimulia kwa watu wachache, tena nusu nusu. Leo nitalisema lote, kwa sababu naamini kuna kijana anayesoma hapa ambaye yuko pale pale nilipokuwa mimi.

Mungu yuko Shinyanga, huku ni machimboni

Mimi ni mtoto wa Shinyanga. Nilibatizwa mchanga, nikapata Komunyo ya Kwanza, nikapata Kipaimara, nikaimba kwaya, na baada ya kidato cha nne nikajiunga na VIWAWA parokiani kwetu. Mama yangu, au mayu kama tunavyosema Wasukuma, alikuwa mwenyekiti wa jumuiya yetu ndogo ndogo. Yaani nilikuwa mtoto wa kanisa kweli kweli.

Mwanzoni mwa 2016 nilipanda basi kwenda Geita kutafuta maisha. Kama wewe ni wa kwetu, hakuna haja ya kukueleza sana. Pamba haina uhakika wa bei, cheti cha kidato cha nne hakina kazi, na kila wiki unasikia fulani "ametusua" kwenye dhahabu, amejenga, amenunua pikipiki. Siku naondoka mayu alinipa rozari. Nikaiweka chini kabisa ya begi, chini ya viatu.

Nikafikia machimbo ya upande wa Nyarugusu. Machimbo yana maisha yake. Watu wanaitana kwa majina ya utani, hakuna anayekuuliza ukoo wako wala dini yako. Makarasha yanasaga mawe usiku kucha. Jumapili na Jumanne hazina tofauti. Na pole pole nikaanza kuishi kwa imani moja ambayo sikuwahi kuitamka: Mungu yuko Shinyanga, pamoja na mayu na parokia. Huku ni machimboni.

Duara letu lilikuwa na vijana wanne tuliokuwa tunashuka, na mwenye duara juu yetu. Mawe tukiyatoa tunayagawa kwa mifuko: mwenye duara anachukua sehemu yake, na sisi tunagawana yetu sawa kwa sawa. Huo mgao ndio heshima yote ya duara. Mnaweza kugombana juu ya chakula, juu ya wanawake, juu ya Simba na Yanga, lakini mgao haguswi. Mtu anayeshuka nawe futi zaidi ya mia, kamba yako iko mikononi mwake. Ukimwibia huyo, umemwibia aliyeshika uhai wako.

Usiku mmoja wa Novemba 2016 tulikuwa chini wawili. Mwenzangu akapanda kuvuta mifuko. Nikabaki peke yangu na moko, nyundo na tochi ya kichwani. Nikagonga, jiwe likaachia, na kwenye mwanga wa tochi nikaiona dhahabu kwa macho, imetawanyika kwenye jiwe lenye ukubwa wa ngumi. Wachimbaji wanajua, dhahabu ya kuonekana kwa macho si ya kila siku.

Hapo nikafanya kitu ambacho hadi leo kinanishangaza. Nilizima tochi. Kisha, gizani, nikalisukuma lile jiwe ndani ya buti.

Hivi nilikuwa namficha nani? Chini kule hapakuwa na mtu.

Sasa rudi kwenye Zaburi, mstari wa 11 na wa 12. Mtunzi anajaribu wazo lile lile: labda giza litanifunika. Na hapo hapo anajijibu kwamba kwa Mungu usiku unang'aa kama mchana. Mimi niliimba zaburi hiyo kwaya miaka mitatu. Kumbe unaweza kuimba kitu bila kukisikia.

Lile jiwe nililisaga kwa siri kwenye karasha la mbali, nikapata shilingi laki sita na arobaini. Nikanunua simu. Nikamtumia mayu laki moja. Unajua mayu aliifanyia nini? Alitoa nia ya Misa, Misa ya shukrani, kumshukuru Mungu kwa sababu mwanawe amebarikiwa machimboni.

Dhambi ya siri haikai peke yake

Kati ya wale wenzangu watatu kulikuwa na mmoja aliyenizidi umri, baba wa familia. Nitamwita Kaka, kama nilivyokuwa namwita. Mwezi ule mifuko yetu ilitoa kidogo sana. Mke wake alijifungua Desemba, mtoto akaumwa, akalazwa, Kaka akakopa. Mwaka ukaanza anadaiwa kila upande. Akawa anauliza kila siku swali moja: "Mbona mimi tu?"

Ijumaa tarehe 27 Januari 2017, jioni, alinifuata nilikolala. Akaniambia ameenda kwa mganga kuangalia nyota yake. Mganga amepiga ramli, ameona kizuizi. Kizuizi ni mwanamke mzee wa ukoo wake, mwenye macho mekundu. Kaka alikuwa na shangazi wa namna hiyo kule kwao. Akaniambia kwa sauti ya chini kwamba wapo vijana wanaoweza "kumaliza hilo tatizo", ila wanataka hela kidogo. Akaniuliza kama naweza kumkopesha.

Vijana wenzangu, ninyi mnaosoma mkiwa mbali, naomba mwelewe jambo hili. Kanda ya Ziwa tumezika bibi wengi kwa panga kwa sababu ya macho mekundu tu. Na macho yale ni mekundu kwa miaka hamsini ya kupikia kuni na samadi kwenye jiko lisilo na bomba la moshi. Ndugu zetu wenye ualbino nao wamewindwa na kukatwa viungo kwa sababu mganga amemwambia mchimbaji au mvuvi kwamba ndiyo njia ya utajiri. Januari 2015 serikali ilipiga marufuku wapiga ramli, lakini marufuku haiingii ndani ya moyo wa mtu anayeuliza "mbona mimi tu?"

Katika dunia nzima, mtu aliyekuwa anajua kwa nini mgao wa Kaka ulikuwa mdogo nilikuwa mimi. Kizuizi hakikuwa shangazi. Kizuizi kilikuwa mimi, nimekaa mbele yake na simu mpya mkononi.

Ndiyo maana napenda tusome Yona 1 sambamba na zaburi hii. Yona anatumwa Ninawi, yeye anashuka Yafa anapanda meli ya kwenda Tarshishi, upande wa pili kabisa. Mwandishi anarudia kitendo cha kushuka: anashuka bandarini, anashuka ndani ya meli, analala. Na wakati yeye amelala, nani anateseka? Mabaharia. Wanatupa mizigo yao baharini, mali ya watu wasio na kosa, kwa sababu ya mtu mmoja aliyelala chini na siri yake (Yon 1:5). Tunapenda kusema "hii dhambi ni yangu na Mungu wangu, haimhusu mtu." Muulize baharia aliyetupa mzigo wake.

Jumapili ya 29 Januari

Siku hizo hizo Nyarugusu ilikuwa na jambo kubwa zaidi. Alhamisi tarehe 26 mgodi mmoja wa pale ulikuwa umeporomoka na kuwafunika watu 15, Watanzania 14 na Mchina mmoja. Kila redio ilikuwa inasema hilo. Kwenye vibanda vya mama ntilie watu walikaa kimya wanasikiliza, hata wale wanaopigaga kelele. Kila mmoja anafikiria duara lake.

Usiku wa Jumamosi sikulala. Nilikuwa nawawaza wale 15 na nawaza shangazi wa watu, na mawazo yote mawili yakawa kitu kimoja. Wale wamefukiwa na watu wanawatafuta. Mimi nimejifukia, na kuna mtu ananitafuta pia, ila mimi ndiye sitaki kupatikana.

Asubuhi nikaenda kigangoni. Ilikuwa mara yangu ya kwanza tangu Pasaka. Padre hakuwepo Jumapili ile, katekista aliongoza ibada ya Neno. Injili ilikuwa heri nane, Mathayo 5. Sikumbuki mahubiri. Nakumbuka tulisali kwa ajili ya wale 15, na sauti ya katekista ikakatika katikati.

Baada ya ibada nikamfuata nyuma ya kanisa, nikamwambia kila kitu. Mzee yule alinisikiliza akiwa ameshika baiskeli yake. Kisha akasema: "Mwanangu, mimi siwezi kukuondolea dhambi, hiyo ni kazi ya padre, na utamfuata wiki hii. Lakini huyo mama hana muda wa kumsubiri padre. Twende."

Tukaenda wote wawili, kwa miguu, yeye anasukuma baiskeli. Njiani tukasikia watu wanashangilia. Wale 15 walikuwa wametolewa, wote wakiwa hai.

Kaka alikuwa amekaa nje anaosha buti. Nikamwambia. Sikupamba maneno. Nilisema: "Ile Novemba dhahabu ilikuwepo. Niliichukua mimi." Alininyanyulia macho akasema, "Kwa hiyo shangazi..." hakumaliza. Akakaa chini kwenye udongo. Baada ya muda mrefu akaniuliza, "Shilingi ngapi?"

Wenzetu wawili waliposikia, mmoja alinipiga makofi mawili. Mwenye duara akanifukuza siku ile ile. Sikuwa na la kujitetea.

Mungu anatafuta, hachungulii

Sasa turudi kwenye somo. Nilipokuwa mdogo niliambiwa mara nyingi, "Mungu anakuona!" Na kila mara niliambiwa hivyo nilipokuwa nafanya kosa. Kwa hiyo nilikua na picha ya Mungu kama mlinzi wa getini anayekupapasa unapotoka mgodini, aone umeficha nini. Ukiwa na Mungu wa namna hiyo, jambo la akili ni kumkwepa.

Lakini Zaburi ya 139 haisemi hivyo. Angalia jinsi inavyokwenda.

Kwanza (mst. 1–6), mtunzi anakiri kwamba anajulikana: kukaa kwake, kusimama kwake, neno kabla halijafika ulimini.

Pili (mst. 7–12), anatafuta pa kukimbilia. Anajaribu juu mbinguni, chini kuzimu, mwisho wa bahari, ndani ya giza. Kila anapofika, Mungu ametangulia. Lakini angalia mstari wa 10: mkono anaoukuta kule ni mkono wa kumwongoza na kumshika, kama mtu anavyomshika mtoto anayejifunza kutembea.

Tatu (mst. 13–18), anagundua sababu ya kujulikana hivyo: aliyemwona ndiye aliyemuumba tumboni mwa mama yake. Na mstari wa 15 ndio unaonigusa mimi mchimbaji, maana anasema aliundwa kwa siri, kana kwamba ndani kabisa ya ardhi. Yaani kwa Mungu chini ya ardhi si mahali pa kuficha mtu, ni kama karakana yake.

Nne (mst. 19–24), baada ya maneno makali juu ya waovu, mtunzi anageuka na kuomba mwenyewe: nichunguze, uone kama nina njia mbaya, uniongoze. Yule aliyeanza kwa kutafuta pa kukimbilia anamaliza kwa kufungua mlango.

Hata wazee wetu Wasukuma, kabla ya wamisionari kufika, walimwita Mungu Liwelelo, jina linalofungamana na welelo, yaani ulimwengu. Hawakuwa na Mungu wa kijiji kimoja. Ni sisi wenye Ubatizo na Kipaimara tunaompangia Mungu mipaka: Jumapili na jumuiya ni zake, machimbo, chuo na simu ni vyetu.

Na sisi Wakristo tuna jambo kubwa zaidi la kusema. Katika Nasadiki ya Mitume tunakiri kwamba Yesu alishuka kuzimu. Tunalipita haraka hilo tunapolisali. Lisimamie kidogo. Mwana wa Mungu hakusimama juu ya shimo na kumulika tochi. Alishuka mwenyewe, mpaka mahali pa wafu, na huko akapeleka habari njema ya wokovu. Katekisimu ya Kanisa Katoliki inalieleza hilo kuanzia namba 631 hadi 637. Kwa hiyo ukiwa kwenye shimo lolote, la dhambi, la deni, la ugonjwa, la huzuni ambayo huwezi kumwambia mtu, hakuna kina ambacho Kristo hajawahi kufika.

Lakini tuseme kweli: kuwapo kwa Mungu hakumaanishi kila anayefukiwa hutoka. Oktoba 2015, kule Nyangarata wilayani Kahama, duara liliporomoka. Katikati ya Novemba, baada ya siku 41, watu watano walitolewa wakiwa hai. Walikuwa wameishi kwa kula mende, vyura na mizizi, na kunywa maji ya mle ndani. Watu wengi machimboni walisema "Mungu yupo!" Ni kweli. Lakini mwenzao mmoja hakutoka hai. Mungu alikuwa wapi kwake? Jibu la imani yetu ni kwamba alikuwa pale pale, giza lile lile, na mkono ule ule. Tusimfanye Mungu kuwa wa waliookolewa peke yao. Mama aliyempoteza mtoto wake kwenye duara anastahili kusikia hilo kutoka kwetu, badala ya kuambiwa kwamba imani yao ilikuwa ndogo.

Akikupata, anakupa kazi

Kuna jambo nililigundua baadaye nilipofungua kalenda ya liturujia. Jumapili iliyotangulia maafa ya Nyarugusu, tarehe 22 Januari 2017, ilikuwa Dominika ya Tatu ya Mwaka A. Mimi sikwenda kanisani siku ile. Ningekwenda, ningesikia Mathayo 4:12–23. Inaanza na watu waliokaa gizani ambao wameona mwanga mkuu, na inaendelea moja kwa moja hadi kwa Simoni na Andrea ziwani, Yesu anawaita wamfuate. Mwanga, kisha mwito, bila hata nafasi ya kupumua katikati.

Hilo ndilo ninalotaka ulishike katika somo hili: Mungu hakupati ili akuaibishe, anakupata ili akuite. Mwangalie Adamu kwenye Mwanzo 3:9. Amejificha kwenye miti, na Mungu anamuuliza yuko wapi. Mungu hakuwa amepotelewa. Alikuwa anampa Adamu nafasi ya kujitokeza mwenyewe.

Mwangalie Mathayo (Mt 9:9). Yesu anamkuta ofisini, hela za watu ziko mezani, na pale pale anamwambia amfuate. Hakumwambia kwanza akaoge. Hayati Baba Mtakatifu Fransisko alikuwa kijana wa miaka 16 tarehe 21 Septemba 1953, sikukuu ya Mtakatifu Mathayo, alipoingia kanisani kuungama na kuhisi Mungu anamwita. Kaulimbiu yake ya kiaskofu ilitoka kwenye tafakari ya Mtakatifu Beda juu ya mwito huo wa Mathayo: alitazamwa kwa huruma, akachaguliwa. Kutazamwa na kuchaguliwa kwa pamoja.

Na mwangalie Zakayo (Lk 19:1–10). Yesu anainua macho, anamwita kwa jina, anajialika nyumbani kwake. Hajamwambia neno hata moja kuhusu hela. Ni Zakayo mwenyewe anayesimama na kutangaza kwamba atarudisha mara nne. Huo ndio ufuasi: ukishaonwa na kupendwa, mikono yako inaanza kufunguka.

Mimi Alhamisi ya wiki ile nilikwenda Geita mjini nikaungama. Padre hakunipa rozari tatu tu nikaondoka. Alinikumbusha mafundisho ya Kanisa (KKK 1459): ondoleo linaondoa dhambi, lakini halitengenezi yote iliyoharibu. Aliyeiba lazima arudishe. Zakayo alirudisha mara nne, mimi nilirudisha mara moja tu, tena kwa mafungu. Nilijifunza kuchomelea Kahama, na kila mwezi nilituma kwa Kaka, kwa wale wawili, na kwa mwenye duara. Nilimaliza mwishoni mwa 2018. Ilibidi pia nimwambie mayu kuhusu ile Misa ya shukrani. Alinyamaza siku mbili. Siku ya tatu akasema, "Basi tutoe nyingine, sasa ya kweli."

Kaka na mimi hatukurudi kuwa marafiki kama zamani. Tunasalimiana. Msamaha alinipa, lakini kamba yake hajanipa tena ishike, na ana haki. Usidhani toba inarudisha kila kitu mahali pake.

Shangazi yake alifariki 2021. Sikuwahi kuonana naye. Niliambiwa alifariki kitandani kwake, kwa uzee, wajukuu wakiwa wamemzunguka. Kwa bibi mwenye macho mekundu, hicho ni kifo cha neema. Huwa nikisali kwa ajili ya marehemu namtaja wa kwanza.

Ufuasi unavyoonekana kwetu

Labda hujawahi kushuka kwenye duara. Uko chuoni Mwanza, uko dukani Kahama, unaendesha bodaboda Katoro. Mambo haya matatu yanakuhusu.

Kwanza, mgao wa haki. Mfuasi anajulikana pale ambapo anaweza kuiba na haibi. Hela za kikoba, risiti za ofisini, chenji ya abiria, kazi ya kikundi ambayo wewe hukuifanya lakini jina lako lipo. Hapo ndipo ushuhuda ulipo, kabla ya fulana ya VIWAWA.

Pili, kataa ramli. Kanisa linafundisha wazi (KKK 2116–2117) kwamba uaguzi na uchawi wa kila aina ni kinyume na heshima tunayodaiwa na Mungu peke yake. Lakini usiishie kukataa kwa ajili yako. Ukisikia mtu anataja bibi fulani, au anaongea juu ya mtu mwenye ualbino kana kwamba ni bidhaa, usinyamaze. Mwambie padre, mwambie mwenyekiti wa kijiji, nenda polisi. Kunyamaza kwangu kungeendelea siku chache tu, kungeua mtu.

Tatu, toka mwenyewe kabla hujafukuliwa. Kuna tofauti kubwa kati ya aliyekamatwa na aliyejitokeza. Mungu tayari anajua. Anayehitaji kusikia ukweli wako ni wewe, na yule uliyemuumiza.

Maswali ya kutafakari peke yako au kwenye jumuiya

1. Ni sehemu gani ya maisha yako ambayo bila kusema umeiondoa mikononi mwa Mungu? "Mungu yuko kule, huku ni..." Malizia mwenyewe.
2. Siri yako ya sasa inamgharimu nani? Nani anatupa mzigo wake baharini kwa sababu wewe umelala chini ya meli?
3. Kuna kitu unatakiwa kurudisha: hela, jina la mtu, ukweli? Utaanza na fungu gani, na lini?
4. Unapowaza kwamba Mungu anakuona, unasikia hofu au unasikia mwito? Kwa nini?

Wiki hii, kila usiku kabla ya kulala, soma mstari wa 23 na wa 24 wa Zaburi hii, halafu zima taa, ukae gizani dakika mbili bila kusema kitu. Usikimbie. Kisha tafuta siku ya kwenda kuungama.

Tusali

Bwana Yesu, wewe ulishuka mpaka kuzimu, hakuna shimo usilolijua. Uwatazame vijana wote walioko chini ya ardhi usiku huu, Geita, Kahama, Shinyanga na kwingineko, na uwarudishe kwa mama zao. Uwapokee waliofukiwa na hawakutoka. Uwalinde bibi zetu na ndugu zetu wenye ualbino. Na mimi unayeniona hata nikizima tochi, niite tena, na unipe nguvu ya kujibu. Mtakatifu Barbara, msimamizi wa wachimba migodi, utuombee. Amina.

Tumsifu Yesu Kristo!